Safu ya Alhamisi

Mhariri anataka maneno mia sita kabla ya saa kumi.
Yachekeshe, anasema, ila yasimuudhi
muuza magodoro, maana ndiye anayetulipa.
Mwaka wa kumi na moja huu namwandikia.
Ofisi yetu ya zamani sasa ni ukumbi wa mazoezi:
pale palipokuwa na meza yangu
mtu anakimbia juu ya mkanda, jasho linamtoka, hafiki.
Kazi hiyo hiyo niliifanya mimi, bila viatu vya bei.

Basi natoka kuwinda. Coventry, Jumatano,
na ile mvua isiyonyesha wala isiyoacha,
mvua ya kutia saini tu kwamba imefika kazini.

Dukani mashine ya kulipia imenishitaki:
kuna kitu kisichotarajiwa mfukoni.
Ni kitunguu.
Nimeomba radhi. Nadhani uraia wangu ulikamilika hapo,
si ile siku ya kiapo.
Callum, mlezi wa mashine sita
zilizorithi kazi za shangazi zake sita,
kaja na kadi shingoni, kaigusa, ikanisamehe.
Nyuma ya risiti, ndefu kuliko nilichonunua,
mkono umeandika wenyewe:

*Kitunguu ni kimoja, mashine yaona mia,*
*Yaniuliza kwa hoja, ni nani nimemwibia,*
*Nimesimama nangoja, taa nyekundu yalia,*
*Bado naitwa mteja, na kazi najifanyia.*

Mhariri hatautaka. Vina havina tangazo.

Huku Hollis Lane, jirani yangu Bibi Haddlesey
amefungiwa kengele yenye jicho.
Mwanawe aliye Leeds huitazama kwenye simu
huku akitikisa kichwa mkutanoni.
Kifurushi cha mama kimeachwa kwangu tena.
Nimesimama mbele ya jicho, na ulimi, kwa mazoea,
umesema hodi.
Kimya.
Hodi ya pili.
Kwetu hodi na karibu ni mke na mume,
hata wakigombana hulala nyumba moja.
Hapa nimejibiwa na sauti ya kiume kutoka hewani,
kutoka maili mia na ushei:
acha nyuma ya pipa la kahawia.
Nina pipa la kahawia, la buluu, la kijani,
na bado sijui karibu hutupwa katika lipi.
Hodi ya tatu nimeimeza.

Saa tisa na nusu nafungua gazeti letu wenyewe.
Habari kuu:
MWANAMKE ASIYEJULIKANA ANONG'ONA MLANGONI PA KIKONGWE.
Picha imetoka juu, kwa pembe ya malaika mtoa roho:
koti langu la kijani, kipara cha kofia yangu.
Miaka kumi na tisa mtaa huu.
Wameisoma watu elfu kumi na nne.
Safu yangu ya wiki jana: mia tatu na tisa,
na wanne kati ya hao ni dada yangu.

Mhariri anapiga simu. Umemwona yule mama?
Hebu tuandikie kitu cha kuchekesha juu yake.
Namfahamu kidogo, nimesema.

Saa kumi kasoro dakika tano
dirisha la jikoni linagongwa kwa sindano ya kufumia.
Bibi Haddlesey, kifurushi kwapani, matope hadi kifundoni;
kapitia uani ili lile jicho lisimwone.
Neno lile ulilosema, anauliza, lina maana gani?
Alikuwa nyuma ya pazia, amefungua kinywa,
mwanawe akamtangulia.

Nimemfundisha jibu lake.
Analitamka kama jina la yule mnyama wa Kanada
mwenye pembe kama tawi kavu,
analirudia mara tatu, kwa sauti, kwenye mlango wangu mwenyewe,
na kwa kuwa amenikaribisha, nimeingia nyuma yake
kuweka birika.

Simu inaita. Ni saa kumi na dakika saba.
Huyo naye hakupiga hodi.